Nyumba ya Mwisho Penye Mkwaju

Kikundi chetu cha Kwamndolwa kilianzia msibani. Jirani yetu alifiwa na mumewe, tukafika kumpa pole, tukakuta nyumba nzima haina sufuria ya kuchemshia chai ya waombolezaji. Tukaona aibu sisi badala yake. Baada ya kuzika tukakaa wanawake wa mtaa, wa kanisani na wa msikitini, tukasema jambo hili lisijirudie. Hivyo ndivyo tulivyoanzisha kikundi cha kufa na kuzikana. Tulinunua masufuria, turubai, mikeka na sahani za bati, na kabla ya vyote hivyo, kwa kuwa sisi ni wanawake wa Korogwe, tulinunua sare. Kilikuwa kitenge cha kijani chenye picha za tausi. Siku hizi nikikiona kimeanikwa kwenye kamba ya mtu nageuza uso.

Mimi nilikuwa mpishi. Nimepika stendi ya Korogwe miaka mingi, wali na maharage kwa madereva na utingo, kwa hiyo moto mkubwa haunitishi. Katika misiba ya mtaa wetu mimi ndiye niliyeonja chumvi. Wenzangu wanawakumbuka marehemu kwa sura na tabia zao, mimi nawakumbuka kwa wali wao: wa nani uliungua, wa nani ulipungua watu wakaondoka na njaa. Si jambo la kujisifia. Nalisema mapema ili ieleweke kwamba kazi tuliyoijua sisi ilikuwa moja tu. Tulijua kuzika.

Kule Handeni, ndani kabisa, kuna makazi ya Wazigua waliorudi kutoka Somalia. Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka nchi hii hii, wakabaki huko vizazi na vizazi wakilima kando ya mto wa watu wengine na kusema Kizigua chao. Vita ilipowaka walikimbia na kurudi walikotoka mababu. Serikali ikawapa ardhi, na baadaye uraia. Mimi mama yangu ni Msambaa wa milimani, na Kisambaa na Kizigua ni ndugu wa karibu, kwa hiyo nilipowasikia mara ya kwanza niliwaelewa. Ila kile chao kilikuwa cha zamani, chenye maneno niliyokuwa nimeyasikia kwa bibi yangu peke yake. Wanaume wengi hawakufika. Waliofika ni wanawake, na walipofika walianza kulima kimyakimya, na watu wakadhani kimya kile ndiyo amani.

Mwaka mmoja masika ilikuja na hasira, ikaangusha nyumba nyingi za udongo kule. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye moyo mweupe na sauti ya gwaride. Akatuita akasema, "Jamani, tusingoje watu wafe ndipo twende. Hawa ni wenzetu, wametoka vitani, tukawasaidie wakiwa hai." Tulipiga makofi. Mwenzetu mmoja wa Makuyuni akatoa mahindi, mfadhili mmoja wa Dar es Salaam akaahidi mabati, na sisi tukajitolea mikono. Tukafunga safari na sare zetu.

Ndipo nilipokutana na yule mama. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, ukishapita pampu ya maji iliyokufa, na mlangoni palikuwa na mkwaju. Ukuta mmoja ulikuwa umeanguka, akawa ameuziba kwa magunia. Nilimkuta ameketi anashona mkeka wa ukindu. Nikampa shikamoo, maana alionekana kunizidi, akaitikia na kunisogezea kigoda. Kabla sijaeleza kilichonileta, akapita jirani yake na ndoo kichwani, akauliza bila kusimama, "Keza?"

Maana yake, amekuja?

"Bado," akajibu yule mama.

"Atakuja."

"Inshallah."

Jirani akaendelea na safari yake. Baadaye kidogo akapita mwingine na mzigo wa kuni, naye akauliza vilevile, akajibiwa vilevile. Nilidhani wanangoja fundi. Nikauliza nani huyo anayechelewa hivi, nikacheka na kusema mafundi ni walewale, hata Korogwe wanatusumbua. Yule mama hakucheka, wala hakukasirika.

"Mwanangu," akasema.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kike. Siku walipokimbia kijiji chao, mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameota meno ya mbele ya ukubwani. Barabarani walikuta lori limejaa watu, na dereva akasema nafasi imebaki ya watoto tu, wakubwa watafuata na lori la pili. Yule mama akamnyanyua mtoto akampa mwanamke asiyemjua. Lori la pili halikuja. La kwanza lilishika njia ya kuelekea Kenya, na yeye na wenzake wakasukumwa na risasi upande wa baharini, mpaka wakafika huku kwetu.

"Nilimpandisha mwenyewe," aliniambia. "Kwa mikono hii. Alikuwa mzima, ameshika andazi. Kwenye mkono ana kovu la chai iliyommwagikia. Huyo hakufa, dada. Huyo alipanda gari."

Watu wa makazi yale wana ndugu kila mahali: kwenye makambi ya Kenya, Marekani, kokote. Wanatumiana sauti kwa simu. Mdogo wake yule mama yuko Kenya mpaka leo, na kila alipokutana na watu wapya aliwapelekea sauti ya dada yake. Nilisikilizishwa. Yule mama anataja kovu, anataja andazi, kisha anaelekeza njia kama anayeongea na mtu aliyekwisha kufika stendi: "Mwanangu, ukishuka Handeni uliza gari la kuja huku. Ukishuka kwenye gari, pita pampu mbovu, usikate kona. Nyumba ya mwisho, mlangoni pana mkwaju. Nipo."

Ile mikeka aliyokuwa akishona haikuwa ya kuuza. Alishona wa mtoto wake. Wa kwanza ulikuwa mfupi, wa kulalia mtoto. Ukichakaa anashona mwingine, mrefu zaidi, kwa kukadiria kimo. Ule niliomkuta nao ulikuwa mpana kupita kiasi. Nikamuuliza mbona mkubwa hivi. Akaona haya kidogo.

"Atakuwa ameolewa sasa," akasema. "Atakuja na mtu wake."

Nilirudi Kwamndolwa siku ile nikimhurumia. Lakini nitasema ukweli, nilimwonea wivu pia. Mimi nina watoto watatu wakubwa na najua walipo wote, na hakuna jirani anayepita kwangu akaniulizia hata mmoja. Yeye mtoto wake alikuwa hayupo na aliulizwa asubuhi na jioni. Kijiji kizima kilikuwa kinamngoja pamoja naye.

Tukajenga. Nyumba sita, za tofali za kuchoma na bati, zote upande wa barabarani karibu na bomba jipya, kwa sababu fundi alisema huko ndiko udongo mgumu. Tulibeba maji, tulikanda udongo, tulipika. Wanawake wazima wenye magonjwa ya miguu tulishinda juani kwa hiari yetu, na sijutii jasho lile. Nyumba zilipokwisha, watano wakahamia kwa vigelegele. Yule mama wa mkwaju akashukuru sana, akatuombea dua ndefu, akarudi kwenye magunia yake.

Mwenyekiti akaenda kumbembeleza. Nikaenda naye.

"Mama, nyumba ni yako. Ina mlango wa mbao na kitasa."

"Nimeiona, mwalimu. Nzuri. Mungu awalipe."

"Basi hamia."

"Nikihamia, mwanangu atafika hapa akute nani? Nimemwelekeza hapa."

"Si tutamwelekeza upya?"

"Sauti imeshakwenda mbali," akasema. "Siwezi kuwakimbilia wote walioisikia."

Mwenyekiti aliondoka pale ameudhika, ingawa hakuonyesha. Mfadhili wa mabati alikuwa amesema atakuja kutazama nyumba zake, na moja ingekuwa tupu, mbuzi wanalala barazani. Nilimwelewa. Kuona jasho lako linalaliwa na mbuzi kunauma.

Katikati ya hayo mwenyekiti akaitwa semina Tanga mjini, ya watu wanaosaidia waliotoka vitani. Sina ugomvi na semina, soda zake ni baridi. Lakini mtu akitoka semina hurudi na neno jipya, na neno jipya ni kama panga jipya, lazima litafutiwe kitu cha kukata. Neno alilorudi nalo mwenyekiti lilikuwa "kukubali". Tulikutana sebuleni kwake, tunakunywa chai na mihogo, akatueleza. Mwanamke aliyepoteza mtu vitani hawezi kujenga maisha mapya mpaka akubali kwamba amepoteza. Wanawake wa kule hawakuwahi kuomboleza, kwa sababu hawakuwa na maiti, hawakuwa na makaburi, walikimbia tu. Kilio kimewabaki kifuani. Yule mama ndiye mfano wenyewe: amekwama, anashonea mikeka mtu ambaye hayupo.

"Sasa niambieni," akasema, "sisi ni kikundi cha nini?"

Tukajibu kwa pamoja, darasa zima. Cha kufa na kuzikana.

"Basi tukawaanulie matanga. Tupeleke masufuria, tupeleke turubai, walie, wamalize. Kazi yetu hiyo, nani anatuzidi?"

Hakuna aliyetuzidi, kweli. Watu sebuleni walichangamka. Baada ya wiki za kukanda udongo tusioujua, hatimaye tumepata kazi tunayoijua.

Nikauliza, "Hivi huyo mtoto kafa?"

Mwenyekiti akasema kwa upole, "Miaka yote hii, mwenzangu?"

Nikawasimulia habari za babu yangu mzaa baba. Babu alikuwa manamba. Aliletwa kutoka nyanda za juu za kusini akiwa kijana, kuja kukata mkonge, akaahidi kwao kwamba mkataba ukiisha atarudi. Ukaisha, akaweka mwingine, akaoa Msambaa, miaka ikaenda. Siku moja akafika kambini kibarua mpya kutoka kijiji chao hasa, akamkuta babu amekaa anakula muhogo, akapiga ukelele na kutoka mbio. Pumzi zilipomrudia akaeleza kwamba kule kwao matanga ya babu yalishaanuliwa zamani. Mke wake wa kwanza alishaolewa, na jina lake alishapewa mtoto wa kaka yake. Baba alikuwa akituambia kwamba babu alicheka sana siku ile. Watu wakamshauri aende kwao akawaonyeshe kwamba yu hai. Akasema, "Niende nikamnyang'anye mtoto jina lake?" Hakwenda. Amezikwa hapa, makaburi ya kambi, na alikuwa na nauli.

Nilipomaliza, mwenyekiti akatikisa kichwa akitabasamu. "Babu yako alikuwa na ukaidi wa manamba," akasema, na watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, maana kweli alikuwa mkaidi. Kisha tukaanza kupanga nani alete mchele. Mpishi nikaulizwa kuni zitatosha vipi. Nikajibu.

Tulikwenda kumwomba ruhusa yule mama, kwa heshima zote, na zawadi ya sukari. Mwenyekiti aliketi chini kabisa, mkekani, akamshika mikono. Alieleza vizuri. Hata mimi nililengwalengwa na machozi. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akatutazama mmoja mmoja, zile sare zetu, zile nyayo zetu zilizopasuka kwa udongo wa nyumba yake.

"Mmeacha watoto wenu mkaja kunijengea," akasema. "Hakuna aliyewalipa. Mmeniomba mara ngapi nihamie, nimewakatalia. Nikiwakatalia na hili mtaniona sina shukrani."

"Si kwa ajili yetu, mama. Kwa ajili yako."

"Haya," akasema. "Fanyeni."

Mwenyekiti akamkumbatia. Njiani akaniambia, "Umeona? Amekubali." Mimi sikuona hivyo. Niliyemwona pale ni mtu mwenye kitu kimoja tu cha thamani, wageni wamekisifia, na adabu haimruhusu kuwanyima.

Tulimwita shehe mmoja mzee kutoka Mazingara. Alimhoji yule mama faragha, kisha akatuambia wazi kwamba yeye hawezi kumsalia mtu ambaye hajui kama amekufa. Atasoma dua kwa ajili ya wote waliouawa katika vita ile, basi. Mwenyekiti akasema inatosha. Shehe akasoma dua yake, akakunja kitabu chake, hakungoja chakula. Watu wachache sana wameukataa wali wangu, na huyo ni mmoja wao.

Nisiseme kwamba siku ile haikumsaidia mtu. Itakuwa uongo. Wanawake wa makazi walianza kuja kwa kusitasita, wakaketi, na mmoja alipotaja jina la mume wake, kilio kikatoka chini kabisa, kilio ambacho sijawahi kukisikia katika misiba yote niliyopika. Walilia waume, walilia baba zao, walilia watoto waliowaacha njiani wameshafunikwa khanga. Bibi mmoja alinifuata jikoni, akanishika mabega, akaniambia tangu atoke kule hajawahi kulia mbele ya watu, na sasa anaweza kulala. Nilimwamini. Wale walijua wanamlilia nani.

Yule mama wa mkwaju hakulia. Alizunguka na jagi la maji akiwanawisha wageni mikono, mpaka mwenyekiti akamwambia leo yeye ni mfiwa, akae. Mikeka yetu ilikuwa imejaa watu. Mmoja wetu akaingia ndani ya ile nyumba ya magunia, akatoka na mkeka mkubwa mpya, akautandika mbele, na watu wakakaa juu yake na sahani zao. Yule mama aliutazama.

Nilimpelekea chakula mwenyewe. Wali, nyama, na mchuzi pembeni. Nilimwambia, "Kula, dada, usilale na njaa," kama ninavyowaambia wafiwa wote. Alikula. Alikula taratibu, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikawa tupu, jinsi mtoto anavyokula anaposimamiwa. Mwenyekiti aliniminya mkono kwa furaha.

Wiki ile ile akahamia. Vijana wa makazi wakaibomoa nyumba ya magunia, wakachukua miti yake kwa kuni. Mkwaju ukabaki peke yake. Mfadhili alikuja, akapiga picha, na katika picha yule mama amesimama mlangoni, ameshika kitasa.

Sikujua ubaya wa tulichofanya mpaka nilipokwenda tena na wenzangu kupeleka mbegu. Nilikuwa nimeketi naye kwenye baraza yake mpya ya saruji. Akapita yule jirani wa ndoo. Akageuza shingo, nikaona mdomo umeshajiandaa kwa lile swali la kila siku, kisha akakumbuka.

"Umeamkaje?" akasema.

"Nimeamka salama."

Basi. Akapita. Wa kuni naye akapita, akauliza habari za nyumba mpya. Ingekuwaje waulize? Walikaa kwenye matanga, walikula. Mtu mwenye akili zake hawezi kumuuliza mfiwa kama marehemu amefika. Kijiji kilichokuwa kinamngoja yule mtoto kiliacha kumngoja kwa siku moja, tena kwa heshima, tena kwa kumpenda mama yake. Hata sisi tulikuwa tukimwita kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani, jinsi tunavyoitana wote. Mwenyekiti akasema kulitaja kutamtonesha kidonda, tumwite bibi. Tukamwita bibi.

Nikamuuliza habari za mdogo wake wa Kenya. Akasema alipiga.

"Alisema, 'Dada, tumepata habari ya msiba. Pole sana.' Alilia." Yule mama alikuwa anachambua mbegu, vidole haviachi kazi. "Akasema ameshawaambia watu kule wasihangaike tena. Na wa Marekani nao amewaambia. Sauti yangu wameifuta."

"Hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba tulipika wali wa bure?"

Nilirudi Korogwe nikampandia mwenyekiti juu. Nilimwambia maneno ambayo hayaambiwi mwalimu. Akanijibu, na haikuwa kwa dharau, kwamba kidonda kikisafishwa lazima kiume kwanza, tumpe muda. Nikamwambia yule hakuwa na kidonda, alikuwa na mtoto. Tukanuniana mpaka msiba uliofuata wa mtaani, ambapo ilibidi tusemeshane kwa sababu ya chumvi. Kikundi kikaendelea. Kikapata mradi mwingine, na sare nyingine, ya zambarau. Mimi sikushona.

Sijui kama yule mtoto yu hai. Wala sisemi kwamba yu hai. Huenda lori lile halikufika mbali. Huenda ni mwanamke mzima sasa mahali fulani, ana watoto, ana kovu mkononi ambalo haambiwi na mtu limetoka wapi. Nikiwaza hivyo usiku usingizi unakata. Maana kama yupo, na kama siku moja atamkuta mtu wa kwao akamuuliza, huyo mtu atamwambia kwa masikitiko kwamba mama yake alishaanua matanga yake. Atafanya nini? Babu yangu alikuwa mwanamume mzima mwenye nauli mfukoni, na hakwenda.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda peke yangu, bila kikundi, bila mzigo wowote wa msaada. Nyumba ya tofali ilikuwa imefungwa. Jirani akanielekeza kwa kidevu, na akashusha sauti: bibi siku hizi alasiri hukaa kule pembeni, wamemwacha tu, ni umri. Nikapita pampu mbovu, sikukata kona. Nikamkuta chini ya mkwaju, mahali mlango wake ulipokuwa, ametandika ule mkeka mkubwa. Miti yote ya nyumba ilikuwa imechukuliwa. Udongo wa kuta ulikuwa umeyeyuka ukabaki kama tuta la viazi.

"Shikamoo, dada. Unafanya nini huku?"

"Marahaba. Napunga upepo."

Upepo haukuwepo. Akanisogezea mkeka nikakaa, na chini ya goti langu nikaona doa la mchuzi, limeingia kwenye ukindu, halikutoka kwa kuoshwa. Mchuzi wangu naujua. Hatukuongea mengi. Jua liliposhuka kidogo likaja lile gari la kutoka Handeni mjini, likasimama mbali kule barabarani, na vumbi lake likatufikia. Niliona mgongo wake ukinyooka. Walishuka mwanamume mmoja na mama mwenye kuku, wakashika njia ya upande wa pili. Gari likaondoka.

Hapakuwa na mtu karibu. Nikakusanya nguvu nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa Kizigua chake.

"Keza?"

Alinigeukia. Midomo yake ilianza kutengeneza lile jibu la zamani, nililiona kabisa likija. Kisha likaishia njiani.

"Wali wake niliula, dada," akasema. "Wewe ndiye uliyenipakulia."

Akasubiri niinuke, akaukunja mkeka, akautia kwapani, akatangulia kuelekea kwenye nyumba tuliyomjengea.